Safu ya Tatu

Wete, saa sita na dakika ishirini, jua limenikalia utosini
nami nimepanda paa la ofisi kwa ngazi ya mvinje,
chombo nimekikumbatia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Nafuta kioo kwa kitambaa kikavu: chumvi.
Huku kwetu kila kitu kina chumvi, hata bawaba, hata barua.
Naelekeza. Nangoja sindano itulie.
Mia mbili sitini na mbili.
Naandika kwa penseli; wino huchuruzika masika.

Baada ya saa nzima, juu kabisa, nisikofika kwa jicho,
itapita setilaiti, isome ozoni ileile
kutoka upande wa pili wa blanketi.
Blanketi! Ungelishusha chini ukalibana
lingelingana na sarafu mbili zilizobebana,
na ndilo hilo tulilopewa baina ya ngozi na jua.

Miaka kumi na tisa. Safu ya kwanza, yangu.
Safu ya pili, yake, hunifikia kila Jumatatu.
Mwanzo zilikwenda sambamba, ng'ombe wawili wa gari moja.
Kisha yake ikaanza kupanda,
si kwa kishindo, kwa kunyata,
kama anayetoka msibani bila kuaga.

Shaame wa makao makuu akapiga simu akicheka:
"Bi Mize, mbingu inapona!"
Nikamwambia, "Inshallah. Au jicho linazeeka."

Maana mimi naijua mizani inayozeeka.
Baba alikuwa karani wa kituo cha karafuu, Mtambwe.
Kabla ya gunia la kwanza alitoa jiwe la shaba
ndani ya kitambaa cha melimeli, halikuguswa kwa kidole kitupu,
akalipima. Kilo tano. Kila alfajiri, kilo tano.
"Karafuu hainidanganyi," alisema. "Ikikauka inapungua, najua.
Springi ikichoka hukaa kimya,
na kimya chake huingia mfukoni mwa mtu."

Kule juu nani atapeleka jiwe?
Kioo kinachotazama jua kila siku huungua taratibu;
kazi yake ndiyo inayokipofusha.
Asilimia moja kwa miaka kumi, nani angeiona?
Na kupona kwenyewe, kama kupo, ni kadiri hiyohiyo.

(Nami jicho la kushoto lina mtoto.
Daktari wa Chake amesema ni jua, ni umri, ni yote mawili.
Mwaka wa kwanza nilidhani taa za mji zimefifia,
nikawalaumu watu wa umeme.)

Wakaleta chombo cha kutuamua.
Kiliteremka Mkoani ndani ya sanduku la sponji,
kikapewa kiti cha mbele garini, mimi nikakaa nyuma.
Siku nne, vyombo viwili bega kwa bega juu ya paa moja,
wingu likipita tunanyamaza, likiondoka tunasoma.

Jibu: setilaiti imepotoka juu, kama nilivyoshuku.
Jibu, sehemu ya pili: nami nimepotoka chini.
Kidogo. Ukungu umeota kwenye kichujio
tangu ule mwaka wa mvua zisizokwisha.
Miaka sita ya penseli yangu ina kilema.

Usiku ule nililitazama jiwe la Baba, lililokalia madaftari yangu.
Lenyewe, nani alilipima?

Shaame tena, safari hii bila kicheko:
"Sasa mbingu inapona au haiponi?"
"Pengine. Nipe miaka kumi mingine."
"Umebakiza miwili ustaafu."
"Basi mpe Salhina."

Salhina ana miaka ishirini na tatu, anaogopa ngazi,
saba zake huziandika kwa mkia mrefu.
Nimempigia mstari wa safu ya tatu: tofauti.
Yetu kutoa yake. Usifute, nimemwambia, hata ikikuaibisha.
Leo: hasi nne.
Ameiandika. Ameshika kifutio, amekitazama,
amekirudisha mfukoni.